Nyumba ya Keji na Televisheni Iliyogeukia Uani

Tangu nirudi kutoka Juba sijanywa chai ya baada ya ibada kwa amani. Kikombe kikinifika tu mdomoni, mtu ananishika mkono: "Mama Simiyu, ile televisheni ilifika nzima?" Nikijibu kwamba ilifika, anakunja uso, kwa maana hakutaka jibu la neno moja. Basi nimekaa chini nikaandika yote, tangu tulipotoka hapa Eldoret hadi siku niliyomwacha Keji uani kwao. Habari za vibali na mihuri nimeziacha. Kila aliyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi anazijua. Nimeandika yale ambayo hadi leo nikiyakumbuka naacha randa mezani.

Eldoret: ukuta usioshika skrubu

Wengi wenu mnamjua Keji, yule fundi cherehani wa karibu na soko. Alikuja hapa akiwa msichana mdogo, ameshikwa mkono na shangazi yake, wakikimbia vita vya Sudan. Alisoma hapa, akajifunza kushona hapa, na Kiswahili chake kikawa cha hapa. Baba yake, Mzee Pitia, hakutoka Juba miaka yote ya vita hivyo. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi, Keji alikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili alirudi amenyamaza. Mzee alikuwa akiishi kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja, na majirani walipouliza binti huyu ni nani, aliwajibu, "Mgeni wangu kutoka Kenya."

"Mgeni," Keji aliniambia siku aliyokuja karakanani kwangu. "Mama Simiyu, mtu anaweza kuwa mgeni kwa baba yake?"

Alikuwa amenunua trela kuukuu ya kuishi, nyumba ya magurudumu ambayo wenyewe waliitumia kulala mbugani. Kujenga nyumba ya matofali Juba kungehitaji subira, naye hakuwa nayo. Kura ya maoni ya kuamua kama Sudan Kusini ijitenge ilikuwa inakaribia, akataka imkute akiishi nyumbani, si akitembelea. Nilimtengenezea kabati na kitanda. Kisha akaniambia kuhusu televisheni.

"Ile bapa, ya kutundikwa. Ikae hapa, mkabala na kitanda."

"Keji, ukuta huu haubebi hata kalenda."

"Basi ufundishe kubeba. Si wewe ni mwalimu?"

Ni kweli nilifundisha useremala chuoni kabla sijafungua karakana, na ugonjwa wa kueleza haujanitoka. Lakini kwanza yeye ndiye aliyenieleza. Baba yake ana redio ndogo ambayo huishika sikioni kama mtu anayeumwa jino. Habari ndiyo tamaa yake. "Ataingia ndani kwa ajili ya habari," Keji alisema. "Akishaingia, atalala. Akilala usiku mmoja mahali pasipovuja, hataniita mgeni tena."

Kwa hiyo mnaona, sikuwa natundika televisheni tu.

Sasa niwaeleze huo ukuta, maana ndipo wengi hukosea, na si kosa lao. Ukuta wa trela haujajengwa kama ukuta wa nyumba. Ndani kuna plaiwudi nyembamba kama jalada la kitabu. Katikati kuna lile povu gumu jeupe ambalo redio mpya huja nalo katonini. Nje kuna bati la alumini linalolia ukiliegemea. Skrubu utaipiga, itaingia kwa raha, na itatoka kwa raha ileile. Gari likiruka tuta moja, utaikuta televisheni kitandani imekumbatia kipande cha ukuta.

Lakini ukuta huo una mbavu. Ni mbao zilizosimama ndani yake, hazionekani, ila zinasikika. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisogea polepole. Pasipo ubavu sauti ni ya debe tupu. Penye ubavu sauti inakatika, inakuwa fupi, kama mtu aliyejibu bila kufungua mlango. Weka chaki hapo. Usikate tamaa ukikosea mara ya kwanza, sikio hujifunza. Keji aligonga pamoja nami hadi akaupata ubavu mmoja peke yake, na kelele aliyoipiga ilimtoa mbwa wa jirani.

Tukakata ubao mgumu, mrefu wa kulala juu ya mbavu mbili, ili uzito ukae kwenye mbavu na si kwenye plaiwudi. Tukaupaka gundi, tukatoboa ubao na ukuta kwa pamoja hadi nje, tukapitisha bolti. Na kwa nje, ili vichwa vya bolti visizame kwenye alumini, nikaweka bamba la chuma. Bamba halikuwa zuri. Lilikaa pale kama kiraka kwenye makalio ya suruali.

Kiprono, dereva wetu, aliizunguka trela akalitazama. "Mama Simiyu, umetoboa nyumba ya watu. Mvua itakutumia salamu."

"Nimeziba kwa mpira na gundi."

"Na hiki kiraka?"

"Hakuna atakayekiona. Kiko nje."

Kumbukeni maneno hayo.

Televisheni yenyewe haisafiri ukutani hata ukuta uwe imara vipi. Tuliilaza katikati ya magodoro, na ule mkono wa chuma unaoishika nikaufungua na kuuweka kabatini. Ndiyo sababu na mimi nilisafiri. Keji alisema aliyetoboa ndiye atakayetundika.

Malaba hadi Gulu: sahani ya Kiprono

Sikuwa nimewahi kuvuka Malaba. Nilidhani ng'ambo kutakuwa kama huku, na kwa muda kulikuwa hivyo. Kisha, baada ya Mbale, milima ikabaki nyuma na nchi ikalala chini. Sijui niseme vipi. Sisi tumezoea upeo unaozuiwa na kitu, kilima, msitu, shamba la mahindi la jirani. Huko Soroti nchi haizuiwi na chochote. Kuna majabali tu, makubwa kama makanisa, yamekaa peke yake tambarare. Nilimwomba Kiprono asimame. Alisimama bila kunitania, na Kiprono akikosa utani mjue naye ameguswa.

Utani ulirudi Lira. Aliingia mkahawani akaagiza nyama. Huko ukiagiza nyama, unaletewa kwanza kila kitu cha kuilia: ugali wa wimbi, wali, viazi vitamu, muhogo na boga, vyote juu ya sahani moja. Kiprono akamrudishia mama wa mkahawa sahani kwa heshima.

"Mama, hii ni ya meza ya familia. Mimi niko peke yangu."

"Hiyo ni yako."

"Niliagiza nyama."

"Nyama inakuja. Hiyo ni chakula. Bila chakula, nyama utaweka wapi?"

Keji alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge. Kiprono alimaliza sahani yote, halafu akasema kwamba alifanya hivyo ili asiharibu jina la Kenya.

Baada ya Gulu: foleni asubuhi

Barabara ya kutoka Gulu kwenda mpakani, wakati ule, ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo. Trela ilivunjika springi moja kabla ya Atiak. Tuliiegesha kando ya vibanda vichache, Kiprono akapanda bodaboda kurudi Gulu na springi mapajani, mimi na Keji tukalala ndani.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta wanawake wamekaa kwenye nyasi, mmoja nyuma ya mwingine, na watoto mgongoni. Foleni iliyonyooka kabisa. Wa kwanza alisimama na kunionyesha sikio la mtoto wake.

"Dokta iko wapi?" aliuliza.

Nikaelewa. Trela yetu ni nyeupe. Watu hawa waliishi kambini miaka mingi wakati wa vita vyao, na gari jeupe lenye mlango kando lilikuwa na maana moja tu. Hakuna aliyewatangazia. Waliiona jioni, wakaamka alfajiri, wakapanga foleni.

Nilitamani kuwa daktari kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Keji alishuka, akawaeleza kwa upole kwamba hii ni nyumba tu, anampelekea baba yake Juba. Niliogopa watakasirika. Yule mama wa kwanza akamtazama Keji, akawageukia wenzake akasema jambo kwa Kiacholi, na foleni nzima ikavunjika kwa kicheko na vigelegele.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Nimesema dokta iko hapana, lakini mtoto iko anarudi nyumbani. Hiyo pia ni dawa."

Wakaomba kuona ndani. Waliingia wengi kwa pamoja, trela ikayumba kama kitanda cha kamba, na mmoja akaning'inia kwenye ule ubao wangu kwa mikono yote miwili ili asianguke. Nilifumba macho. Ubao haukutoa hata mlio. Kabla ya mchana walituletea mboga zilizopikwa kwa siagi ya ufuta na viazi vya moto. Wenye watoto wagonjwa, Kiprono aliporudi na springi, tuliwachukua ndani ya gari hadi zahanati ya mbele, njia ikiwa ileile.

Nimule: askari aliyevua viatu

Tulipovuka mpaka, upande wa Sudan, askari mmoja mrefu sana alitusimamisha. Alizunguka trela, akagonga bati.

"Hii iko gari au nyumba?"

"Ni nyumba, afande," Keji akajibu.

"Nyumba iko na taa ya breki?"

"Ni nyumba inayosafiri."

"Fungua."

Nilijua tutapekuliwa hadi magodoro. Askari alifika kwenye kidato cha mlango akasimama. Akainama, akafungua kamba za buti zake, akazivua, akaziweka pamoja kwenye vumbi kama watu wanavyofanya msikitini. Kisha akaingia na soksi zilizotoboka. Hakufungua kabati. Alikaa kitandani, akautazama ubao ukutani.

"Hapa itakaa nini?"

"Televisheni," nikasema.

"Mtu iko analala, iko anaangalia dunia."

"Ndiyo."

Akalala. Chali, mikono kifuani, macho wazi juu kwenye dari. Kiprono alizima injini. Tulisubiri juani, na sikumbuki kama nilichoka. Alipoinuka alilinyoosha shuka kwa kiganja, akashuka, akavaa buti zake, akatuambia tufuate nyayo za malori tu na tusiiache barabara hata kwa haja ndogo.

Tuliona sababu hatua chache mbele. Kando ya barabara mawe yalikuwa yamepakwa rangi nyekundu, upande huu na upande ule, mwendo mrefu. Penye rangi nyekundu bado kulikuwa na mabomu ardhini. Katikati tulipita sisi, na malori, na vijana wenye baiskeli zilizobeba kuku. Halafu barabara ikapanda, na kule chini, kushoto, tukauona Mto Nile.

Nilikuwa nimeufundisha huo mto kwa vidole kwenye ramani. Ramani haiwezi. Ulikuwa mpana, mweupe kwa jua, umetulia kama kwamba hakuna jambo lolote lililowahi kutokea kando yake. Jioni tulipouvuka kwenye daraja la chuma la Juba, mabamba yakigongana chini ya magurudumu, Keji ambaye alikuwa ameongea tangu Eldoret alifunga kitambaa chake upya, akakifungua, akakifunga tena.

Hai Cinema: tanuri

Ua wa Mzee Pitia uko Hai Cinema, mtaa mmoja wa Juba, ndani ya uzio wa matete. Kuna kile kibanda cha nyasi, rundo la matofali ya zamani lililofunikwa kwa turubai, jiko la mkaa, viti vya plastiki, na vitanda viwili vya kamba vilivyokaa wazi nje. Mzee alikuwa amekaa kwenye kimoja, redio sikioni. Ni mwembamba, na ana kicheko cha mtu anayejua kwamba utani wake unauma.

Keji alimpigia magoti. Mzee akamgusa kichwa, lakini macho yalikuwa kwenye trela. Akaiendea, akainama kwenye gurudumu, akalibonyeza kama mtu anayechagua mbuzi. Kiswahili alikipata Uganda ujanani, alipokimbilia huko kwenye vita vya kwanza vya Sudan, kabla Keji hajazaliwa.

"Hii nini?"

"Nyumba yako, Baba."

"Mimi iko na nyumba. Hii iko na magurudumu." Akawageukia majirani waliokwisha kujaa uani. "Ya jamaa, jamani, mtu anataka kukaa, ananunua kitu ya kukimbia?"

Wakacheka.

"Magurudumu ni ya kuileta tu, Baba."

"Iliyoleta itarudisha. Malesh, si neno. Mgeni wangu amekuja na kitanda yake. Hata mkeka hataniomba."

Keji alicheka pamoja nao. Lakini aliacha kucheka kabla yao.

Kesho yake tulikwenda mtaa wa Hai Jalaba kutafuta jenereta na dishi. Tulivipata kwa Abdi, Msomali wa Garissa, ambaye aliposikia Kiswahili changu alituwekea viti na soda kabla hajauliza shida yetu.

"Televisheni umefunga wapi, mama?"

"Ndani, mkabala na kitanda."

"Ndani?" Alinitazama kwa huruma. "Mama yangu, Juba hii? Ndani ni pa kuweka magunia. Watu wanakaa nje, wanakula nje, mgeni anapokelewa nje. Mimi mwenyewe nalala nje, na niko na nyumba ya mawe."

Nilimshukuru na sikumsikia. Mtu akitoka mbali na mpango wake, masikio yake hubaki nyumbani. Nilitundika mkono wa chuma kwenye ubao wangu, nikapachika televisheni, nikawasha. Mwanzoni ilitetemeka na kunguruma. Nawaeleza sababu ili msije mkatafuta kosa kwenye bolti: tulikuwa tumeiweka jenereta juu ya chuma cha kuvutia trela, na ukuta mwembamba hupitisha kila mtikisiko kama ngozi ya ngoma. Tuliishusha tukaikalisha mchangani, ngurumo ikaisha. Picha ikasimama safi.

Majirani waliingia. Jua la Januari lilikuwa juu ya bati. Kwa muda mfupi walikuwa wanajipepea kwa kanga, kisha mmoja akaaga, kisha wote. Kila aliyeshuka aliiacha nyumba ikinesa kwenye springi zake, na msomaji wa habari akaruka juu na chini ukutani. Mzee Pitia hakuinuka kitandani kwake.

"Baba, njoo uone. Habari imeanza."

"Mimi iko naisikia hapa. Habari iko ileile. Na hapa kuna upepo."

Keji akazima. Akakaa kwenye kidato cha mlango, jasho likimtiririka.

"Mama Simiyu," aliniambia, "nimemletea baba yangu tanuri lenye magurudumu."

Upande wa pili wa ukuta

Nikafanya ninachofanya kazi ikikwama, nikaanza kuizunguka. Na nilipofika nyuma, upande unaotazama ua, pale penye vitanda na viti na jiko na watu, nikakiona kile kiraka changu.

Ukuta mwembamba una sifa moja ambayo hakuna aliyeniambia: ndani na nje ni majirani. Bolti zilikwisha kupita. Mbavu zilikuwa zilezile. Kilichohitajika ni kuzitoa bolti moja moja, kuzigeuza vichwa vikae ndani kwenye ubao, na kuupachika mkono wa chuma huku nje juu ya bamba. Bamba lililowekwa ili lisionekane ndilo lingekuwa la kwanza kuonekana.

"Keji," nikamwita, "cherehani yako iko wapi? Tunahitaji kivuli."

Alielewa kabla sijamaliza. Akatoa turubai jingine tulilofunikia mizigo njiani, akashona mchana wote uliobaki, na upindo wake mnaujua. Mimi nikawa nagonga bati kwa nje, nikitafuta kama mbavu nyingine zinaweza kushika kile kivuli. Nikahisi mtu nyuma yangu. Mzee Pitia, redio mkononi, imezimwa.

"Unasikiliza nini?"

"Mbavu, Mzee. Sikiliza. Hapa ni debe. Na hapa?"

Akagonga mwenyewe. Akasogeza kidole, akagonga, akarudi. Sikio lililoshinda miaka kwenye redio ni sikio zuri. Aliupata ubavu haraka kuliko Keji.

"Hapa iko mtu," alisema.

"Umepata. Hapo unaweza kutundika chochote."

"Mimi pia iko na mbavu nje-nje." Akajipiga kifuani. "Hakuna fundi amenitundikia televisheni."

Jioni tuliwasha. Televisheni ilikaa nje chini ya kivuli, na ua mzima ukageuza viti. Mzee alibaki palepale kitandani kwake na habari ikawa imemfuata. Nilifurahi kwa muda mfupi. Keji akaingia ndani kuchukua sukari, trela ikanesa, na picha yote ikayumba.

"Ona," Mzee akasema. "Inataka kwenda."

Watu wakacheka, lakini si kama siku ya kwanza. Wakamtazama Keji pale mlangoni.

Nikaeleza, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Nikasema trela imekaa juu ya magurudumu na springi, na springi kazi yake ni kunesa. Jeki za pembeni husaidia kidogo tu. Kama nyumba itasafiri tena, tutavumilia. Kama haitasafiri tena, dawa ni moja. Nikaishia hapo, maana dawa hiyo haikuwa yangu kuitoa.

Keji alirudi ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akatoka na spana na jeki, akavikunja vitenge vyake, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya gurudumu la kulia. Kiprono aliinuka kumsaidia, nikamshika shati.

Nati ya kwanza ilimsumbua. Akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote hadi ikalia. Televisheni peke yake ndiyo ilikuwa inaongea, na hakuna aliyeisikiliza.

"Sasa itakaa juu ya nini?" mtu akauliza. Hatukuwa tumekuja na tofali hata moja.

Kule pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na lile rundo. Jirani alininong'oneza: Mzee aliyachoma matofali yale Keji akiwa bado tumboni, ajenge nyumba. Vita vikaja. Miaka yote hakuruhusu mtu ayaguse, si kwa jiko, si kwa kaburi.

Mzee Pitia aliiweka redio kitandani. Akaenda polepole, akalivuta turubai kando. Akachukua tofali la juu, akalipangusa kwa kanzu yake, akaja akaliweka mchangani karibu na mkono wa Keji.

"Hapo chini kuna mchanga," alimwambia. "Anza na mawili kwa mapana."

Ndivyo fundi yeyote angesema.

Siku ya kura

Nilipaswa kuondoka na Kiprono, lakini niliomba kukaa hadi kura ianze, yeye akatangulia. Keji na baba yake walitoka alfajiri na kurudi mchana, vidole vyao vikiwa na wino.

Jioni ua ulijaa kuliko siku zote. Kiti cha Mzee hakikuwa kitanda tena. Alikuwa amelilaza lile gurudumu la kulia mbele ya televisheni, akaweka mto katikati, akakaa juu yake kama chifu. Kitanda chake alikwisha kukihamisha, kikawa kimeegemea ukuta wa trela.

"Ndani nitaingia mvua ikianza," alimwambia Keji bila kuulizwa. "Saa hii kuna joto."

Kisha picha zikaanza. Foleni. Mistari ya watu inayopinda hadi haionekani mwisho, wazee wamebebwa kwenye viti, akina mama na watoto mgongoni. Niliwakumbuka wale wa Atiak. Mtangazaji akataja Juba, na kwenye kioo ikapita barabara tuliyokuwa tunaijua, ukuta tuliokuwa tunaujua.

"Hiyo ni hapa?" Mzee akauliza.

"Ni hapa, Baba."

Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Nimeona majabali ya Soroti na nimeuona Nile kutoka juu, lakini sijawahi kuona kitu kama nyuso zile, watu wakijitazama wenyewe ukutani wakiwa wameketi kwenye ua wao. Nilitazama bolti zangu. Picha haikuyumba hata kidogo.

Wakati huo aliingia mzee mwenzake, rafiki wa zamani kutoka mtaa mwingine, na fimbo yake. Alisalimia wote. Akamwona Keji, akaniona na mimi, sura ngeni mbili. Akamwinamia Mzee Pitia.

"Pitia, una wageni?"

Mkono wa Keji ulisimama juu ya birika.

"Mgeni iko mmoja," Mzee akasema, macho yakiwa bado kwenye televisheni. Akaninyooshea kidole mimi. "Huyu hapa, fundi, ametoka Kenya." Kisha akapaza sauti, kwa ukali wa baba ambaye amechoka kuwafundisha wanawe adabu.

"Keji! Mgeni hana chai!"

Akaja mbio.